Mbwa wa Zizini: Chanjo, Minyoo na Afya ya Mifugo

Ng'ombe ameacha kula ghafla. Udenda unamchuruzika, shingo ameinyoosha, na mlio anaoutoa si ule wa kuita ndama. Ni wa kukwaruza, kama wa mnyama aliyekabwa. Mfugaji anahisi kuna kitu kimemkwama kooni, labda gunzi la mahindi au embe bichi. Anakunja mkono wa shati, anampanua mdomo na kuuingiza mkono hadi kiwikoni kutafuta.

Hilo ni jambo la hatari kubwa, kwa kuwa ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa huonekana hivyohivyo. Misuli ya koo imepooza, hawezi kumeza, na udenda unaomwagika umejaa virusi. Mchubuko mdogo kidoleni unatosha kuvipitisha. Miguu ya nyuma huanza kuyumba, mnyama hujikamua kama anayeshindwa kunya, kisha hulala na kufa, mara nyingi kabla wiki haijaisha. Jina la ugonjwa limewapotosha wengi. Linamtaja mbwa peke yake, ilhali virusi hivyo huua ng'ombe, punda, mbuzi, paka na binadamu. Mnyama wa namna hiyo atengwe, asiguswe mdomoni, asichinjwe wala kuliwa, na mtaalamu wa mifugo aitwe siku hiyohiyo.

Katika nyumba nyingi za wafugaji, ng'ombe ana siku yake ya josho na kumbukumbu za chanjo, na akikohoa tu simu inapigwa. Mbwa anayelala mlangoni pa zizi lilelile hupewa ukoko wa ugali, akabweka usiku kucha fisi wasisogee, na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho alipochanjwa. Hapo ndipo magonjwa hupata mlango.

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa. Kati ya watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo, maisha huokolewa kwa vitu vya kawaida kabisa. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitali akapate chanjo, na arudi kila tarehe aliyopangiwa hata kama kidonda kimekauka. Pilipili, mafuta na majivu visipakwe.

Chanjo ya mbwa wapatao 70 katika kila 100 hukata mnyororo wa maambukizi. Kisiwa cha Pemba kimethibitisha hilo kwa namna mbili. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 virusi viliingizwa upya kisiwani, mlipuko ukazuka, na ilibidi kazi ya kuchanja ifanywe upya hadi ukaisha mwaka 2018. Bahari yenyewe haikutosha kuwa uzio.

Serengeti nayo ina habari yake. Mwaka 1994 simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa huko, walikufa kwa virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa ambao huanza kwa homa, makamasi na kuhara, kisha degedege. Mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi walikuwa chanzo cha virusi hivyo. Ikiwa maradhi ya mbwa yanaweza kumfikia simba porini, yale yanayoshika mifugo humfikia ndama wa jirani kwa urahisi zaidi.

Tegu, mnyoo wa mbwa, huenea kimyakimya, na siku yake kubwa ni siku ya kuchinja. Mbuzi anapasuliwa, ini linakutwa na mfuko wa maji, watu wanalikata na kumtupia mbwa. Ndani ya mfuko huo mna vichwa vya tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache tu. Hukomaa katika utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi, yakabaki malishoni, kisimani na kwenye manyoya ambayo watoto huyapapasa. Ng'ombe, mbuzi au mtu akiyameza, mfuko kama ule huanza kukua katika ini au mapafu yake polepole kwa miaka mingi, na mara nyingine hauna budi kutolewa kwa upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika kupita zote duniani. Tegu mwingine wa mbwa hujenga mfuko wake ndani ya ubongo wa kondoo, na kondoo huyo huzunguka upande mmoja tu kama aliyefungwa kigingini.

Kwa hiyo maini na mapafu yenye mifuko, pamoja na vichwa vya kondoo waliokuwa wakizunguka, vichomwe au vifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kuvifukua. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya mtaalamu, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Si kila dawa humng'oa tegu. Inayotumika ni prazikwanteli, na kipimo chake hufuata uzito wa mbwa.

Kupe wana tahadhari yao. Dawa ya josho iliyobaki kwenye ndoo isitumiwe kumwogeshea mbwa kwa kukisia, na paka asipakwe kabisa. Baadhi ya dawa hizo zina viambato vya jamii ya pamethrini, ambavyo mwili wa paka hushindwa kuvivunja. Paka huanza kutetemeka, na anaweza kufa.

Siku gari la chanjo linapofika kijijini, mbwa aletwe na mtu mzima anayemjua, akiwa amefungwa kamba imara. Vitoto vya mbwa navyo viletwe, hata vinavyonyonya bado. Cheti kikishaandikwa, kihifadhiwe pamoja na kumbukumbu za ng'ombe, na tarehe ya mwaka unaofuata iandikwe kwa chaki juu ya mlango wa zizi.