MOSHI USIOONEKANA: SOMO LA JIKO, DOHANI NA UKAGUZI WA KILA MWAKA

Kila ifikapo masika, mvua inapoambatana na upepo wa ziwani, jiko la mkaa lililokuwa uani huingizwa ndani. Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama jambo hilo halihesabiwi kuwa ni la hatari. Mkaa umekwisha kuiva na kuwa mwekundu, moshi umekatika, na wenye nyumba huona kuwa jiko sasa ni safi. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo huua. Somo hili linakusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla sababu ya hatari hiyo na njia za kujikinga nayo.

Sumu yenyewe

Mkaa, kuni, mafuta ya taa, gesi ya mitungi na petroli ya jenereta, vyote vikiungua kwa hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mkaa ulioiva hutoa gesi hiyo kwa wingi, hata ukiwa umefunikwa na majivu.

Mtu akiivuta, gesi huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Himoglobini, ambayo ndiyo huipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni, hushikamana na sumu hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshikamana na oksijeni yenyewe. Hivyo mtu huendelea kupumua, kifua chapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinanyimwa oksijeni. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Nyumba imebadilika, desturi haikubadilika

Ni kweli kwamba wazee waliota moto ndani ya nyumba zao. Lakini nyumba zile ziliezekwa kwa nyasi. Moshi ulipenya katika nyasi na katika nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa. Haikuwa salama kamili, kwani moshi wake uliumiza macho na vifua, ila hewa ilipata pa kutokea.

Nyumba ya leo ni ya matofali, saruji na bati. Ina dari, na madirisha yake hufungwa mapema jioni kwa kuogopa mbu na wezi. Nyumba imekuwa bora, lakini njia ya moshi imezibwa. Desturi ya nyumba ya nyasi ikihamishiwa humo, chumba hugeuka mtego.

Dohani na kazi yake

Neno dohani asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni moshi. Kazi yake ni nyepesi kueleweka: hewa ya moto hupanda kwa kuwa ni nyepesi, na inapopanda huvuta hewa safi nyuma yake kuingia jikoni. Dohani ikizibwa na masizi, kiota cha ndege au majani, mvuto huo hukatika na sumu hurudi chumbani.

Mfano mashuhuri ni wa mwandishi Émile Zola wa Ufaransa. Mwezi Septemba mwaka 1902 alilala nyumbani kwake Paris, moto ukiwaka katika chumba ambacho dohani yake ilikuwa imeziba. Asubuhi alikutwa amekufa, mkewe aliokolewa. Nchi za baridi zimejifunza kutokana na misiba ya namna hiyo. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 zinamlazimu mwenye nyumba ya kupangisha kukaguliwa vyombo vya gesi na dohani zake kila baada ya miezi 12.

Katika Mkoa wa Mara dohani zipo katika majiko makubwa ya shule za bweni, katika tanuri za mikate, na katika baadhi ya nyumba. Wakati unaofaa kuzikagua ni mwezi Septemba, mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli. Wakuu wa shule na taasisi, pamoja na wenye nyumba, wanashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo kila mwaka:

(a) Masizi yaondolewe kutoka juu hadi chini, jiko likiwa limepoa.
(b) Nyufa na maungio yote yatazamwe. Palipotoboka pazibwe au bomba libadilishwe.
(c) Mdomo wa juu uwe umepita kilele cha paa, uwe na kofia ya kuzuia mvua, na usiwe na kiota.
(d) Matundu ya hewa ya chumba cha jiko yawe wazi, yasizibwe kwa magunia wala makaratasi.
(e) Dohani ikiisha kupata joto, kipande cha ubani kinachofuka kisogezwe karibu na mdomo wa jiko. Moshi wake ukivutwa ndani, njia ni nzima. Ukirudi chumbani, jiko lisitumiwe mpaka fundi alitengeneze.
(f) Tarehe ya ukaguzi na jina la fundi viandikwe katika daftari.

Jiko la gesi nalo lina dalili yake. Mwali mzuri ni wa rangi ya buluu. Ukigeuka wa manjano na masufuria yakaanza kushika masizi, jiko linahitaji fundi.

Kwa asiye na dohani

Jiko la mkaa liwashwe na litumike nje, au katika banda lililo wazi. Lisiingizwe katika chumba cha kulala kwa hali yoyote, hata likiwa na majivu matupu juu yake. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jenereta nayo iwekwe nje, mbali na milango na madirisha. Ukumbini au stoo si mahali pake.

Dalili na huduma ya kwanza

Katika mkoa wenye malaria, anayeamka na kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu hudhani ameshikwa na homa. Inafaa atazame mambo matatu: mwili hauna joto, walio chumba kimoja naye wamepatwa kwa pamoja, na nafuu huja wakitoka nje. Hayo yakikutana, jiko lishukiwe kwanza. Mama mjamzito na watoto wadogo wamo katika hatari kubwa zaidi.

Aliyezidiwa atolewe nje upesi, milango na madirisha yafunguliwe, na apelekwe hospitali. Maziwa hayasaidii, kwa kuwa sumu imo katika damu wala haimo tumboni. Na aliyezimia asinyweshwe kitu. Dawa yake ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida huchukua saa 4 hadi 5 sumu kupungua nusu katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kiasi cha saa moja na nusu au pungufu. Mkazi wa Kisiwa cha Rukuba hana budi kuvuka maji ili kuifikia hospitali ya rufaa mjini Musoma. Kwake yeye kujikinga ni lazima zaidi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu namba 114.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Hadi siku hiyo ifike, mkaa utaendelea kuwaka katika nyumba nyingi. Kwa hiyo kila mkuu wa kaya anaombwa ahakikishe kabla ya kulala kwamba jiko limetoka nje, mvua inyeshe isinyeshe. Mkaa ukilowa, hununuliwa mwingine.