Piano Moja, Magitaa Mawili

Kinanda cha kanisani hakipandi daladala ya Kijenge, lakini gitaa kavu linapanda. Kama una rafiki mwenye gitaa lake, Bach na Satie wanaweza kupigwa barazani kwenu, Mlima Meru ukiwatazama. Kazi iliyopo ni kuhamisha nota kutoka piano kwenda nyuzi kumi na mbili. Fuata haya.

1. Gawa sauti, usigawe mikono. Wengi humpa mmoja mkono wa kulia wa piano na mwenzake wa kushoto. Matokeo yake mmoja anaelemewa, mwingine anasinzia. Aliyewahi kuimba nyimbo za kitabu cha Mwimbieni Bwana kwaya ikiwa kamili anazijua soprano, alto, teno na besi. Zitafute hizo ndani ya nota za piano, ndipo ugawe. Kwa kuanzia, chukua zile Inventions 15 za Bach: kila moja ina sauti mbili tu.

2. Jihadhari na oktava. Piano ina vibonyezo 88; gitaa lina oktava tatu na nusu hivi. Tena nota za gitaa huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika. Ukinakili ukurasa wa piano kama ulivyo, kila kitu kitashuka.

3. Usiogope kuhama ufunguo. Asturias ya Albéniz iliandikwa kwa piano katika G maina. Wapiga gitaa waliihamishia E maina, nyuzi zilizo wazi zikaanza kuwafanyia kazi.

4. Anzeni na Gymnopédie ya kwanza ya Satie, ya mwaka 1888. Ni ya taratibu, na mtunzi alifariki 1925, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa. Gitaa la pili lishushe uzi wa sita kutoka E hadi D. Besi zinapokezana, G kisha D, na baada ya kila besi zinafuata sauti tatu kwa pamoja. Kwenye G, besi iko freti ya 5, halafu B, D na F kali ziko freti za 4, 3 na 2 kwenye nyuzi tatu nyembamba: vidole vinne vinajipanga kama ngazi. Kwenye D, uzi wa sita uko wazi, na kidole kimoja kilicholazwa freti ya 2 kinakupa sauti zote tatu. Mimi hapa hufurahi kila mara! Melodi nayo iachwe pale pale alipoiweka Satie. Anayepiga peke yake hulazimika kuishusha, ikagombana na sauti za katikati. Ninyi mko wawili. Inapanda hadi freti ya 17, shingo ikiwa imeshaingia kwenye mwili wa gitaa, kwa hiyo mazoezi yaanzie hapo.

5. Pokezaneni. Sikiliza magitaa ya Mlimani Park Orchestra: solo na ridhimu hayakanyagani, kila moja linaingia mwenzake anapopumua. Melodi ikirudi mara ya pili, mpe mwenzako; kwa Satie, basi, magitaa yote mawili yaanze na uzi wa sita ulioshushwa.

6. Pedali ya piano ni vidole vyenu. Usinyanyue kidole mpaka sauti ya mwisho ife.

7. Julai, asubuhi ya baridi, pigeni dakika kumi kwanza, kisha mtyuni tena.

8. Tafuta sikio la mpiga piano. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinafundisha muziki hadi shahada. Huko wapo wanaosoma nota za piano. Mwombe mmoja apige kipande chenyewe huku wewe ukifuata ukurasa wako kwa penseli. Sauti uliyoisahau utaisikia mara moja.

Mkimaliza, andikeni upya kwa kalamu: jina la mtunzi, jina la mpangaji, tarehe. Kisha toeni nakala mbili, muwape vijana wengine wawili wenye magitaa.