SOMO LETU: KAMERA NDOGO YA MKANDA

Leo tunajifunza habari za kamera ndogo, ile inayotumia mkanda. Siku hizi watu wengi wanapiga picha kwa simu. Hata hivyo kamera hizi bado zipo. Nyingine zimelala masandukuni, nyingine zinauzwa mnadani pamoja na mitumba. Na viwandani hazijakwisha: mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ya Japani ilitoa kamera mpya ya mkanda, iitwayo Pentax 17. Basi ukiletewa kamera hapa Rudewa, ujue kuichagua na kuitumia.

KOSA LANGU

Kwanza niwaeleze kosa langu mwenyewe. Mwaka 2003 nilikuwa kijana wa shule. Mjomba alituachia kamera yake. Nikampiga picha babu mbele ya nyumba, amevaa kanzu na koti, ameshika mkongojo. Mkanda ulikuwa haujaisha, lakini mimi nilitaka kuona picha imekaaje. Nikafungua mlango wa nyuma wa kamera, mchana kweupe. Kumbe nimeunguza picha zote!

Babu akasema, "Si kitu, mjukuu wangu. Utanipiga siku nyingine." Siku hiyo haikufika. Alifariki kabla ya mavuno. Leo wanangu wakiniuliza alifananaje, nawaeleza kwa mdomo tu. Sina cha kuwaonyesha.

KAMERA INAFANYAJE KAZI?

Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa dawa. Dawa hiyo hubadilika ikipata mwanga. Ukibonyeza kitufe, kamera hufungua na kufumba haraka, kama mtu anavyopepesa jicho. Mwanga kidogo unaingia kwa lenzi na kuacha picha juu ya dawa. Mwanga ukiingia mwingi, mkanda unaungua. Na picha haionekani mpaka mkanda usafishwe kwa dawa nyingine, gizani. Ndiyo maana kufungua ili kuchungulia hakusaidii kitu. Kunaharibu tu.

KUCHAGUA KAMERA

1. Kabla ya kutoa pesa, uliza mkanda utanunua wapi na utausafisha wapi. Studio nyingi zimeacha kazi hiyo. Kama hujapata jibu, usinunue.

2. Fungua mahali pa betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri zilivuja. Huenda kamera imekufa.

3. Hakikisha hakuna mkanda ndani, kisha fungua mlango wa nyuma. Tazama sponji nyeusi za pembeni. Kama zinanata au zimemeguka, mwanga utapenya.

4. Tazama lenzi kwenye mwanga. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu. Iache.

5. Uliza kama kamera inapima umbali yenyewe. Kamera ndogo za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1977, kampuni ya Konica ilipotoa ya kwanza. Nyingine hazipimi. Hizo ukimsogelea mtu sana, sura yake inakuwa na ukungu. Simama hatua mbili au tatu kutoka kwake.

6. Nenda na betri zako. Jaribu flashi. Muuzaji akikataa usijaribu, mwachie kamera yake.

KUTUMIA KAMERA

Soma namba kwenye boksi la mkanda. Namba 100 ni ya jua kali. Namba 400 inafaa hata wingu likitanda. Weka mkanda ukiwa kivulini, wala usiuache juani au ndani ya gari lililofungwa. Joto linaharibu dawa.

Kumbuka jambo hili: jicho lako linatazama kwa kidirisha, lakini kamera inaona kwa lenzi. Ni matundu mawili. Kidole chako kikiziba lenzi, wewe hutaona, ila picha itatoka na giza. Vilevile ukimkaribia mtu mno, unaweza kumkata kichwa huku wewe ulimwona mzima.

Jua la saa sita linatia kivuli machoni, hasa kwa mtu aliyevaa kofia. Mpige asubuhi au jioni, au umpeleke kivulini. Ukiwasha flashi hata mchana, uso utaonekana vizuri. Usiku flashi haifiki mbali. Kwa kamera nyingi ni kama mita 3 tu, yaani hatua nne. Ukisimama nyuma ya ukumbi, maharusi hutawapata.

Bana viwiko mbavuni, vuta pumzi, tulia, ndipo ubonyeze.

Mkanda ukiisha, usifungue! Lazima urudi kwanza ndani ya kopo lake. Kamera nyingine huurudisha zenyewe, utasikia mlio mpaka unyamaze. Nyingine unazungusha kwa mkono mpaka uwe mwepesi kabisa. Hapo ndipo ufungue.

KUTUNZA

Ukisafishiwa mkanda, dai na negativu zako. Picha ikipotea, negativu itatoa nyingine. Zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uziweke mahali pa juu, pakavu. Sisi wa Kilosa tunakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Maji hayabishi hodi.

Mwisho, ndugu yangu, usingoje harusi. Kama una mzee nyumbani ambaye hana picha, anza na yeye.

MAZOEZI

1. Mkanda una picha 36. Harusini umepiga 21, kwenye ubatizo 9. Zimebaki ngapi?
2. Kwa nini mkanda usifunguliwe kabla haujarudi ndani ya kopo?
3. Jadilini kikundini: ni nani kijijini kwenu ambaye angefaa kupigwa picha mwaka huu? Kwa nini?