Mlio wa simu ambao wazee hawausikii

Ndugu wakaaji wa kambi, somo la toleo hili linahusu masikio. Tunalianza na simu, kitu wanachokipenda vijana, lakini linawagusa zaidi wazee wetu na wote wanaoishi nao nyumba moja.

Mwaka 2005 bwana mmoja wa mji wa Merthyr Tydfil, huko Wales nchini Uingereza, jina lake Howard Stapleton, alitengeneza mashine ndogo inayotoa sauti nyembamba mno. Aliiita Mosquito, maana yake mbu. Wenye maduka waliifunga mlangoni ili kuwafukuza vijana waliozoea kukaa hapo bila kununua. Vijana walikerwa wakaondoka, ilhali wateja watu wazima walipita bila kusikia kitu. Mwaka uliofuata vijana nao waliigeuza: walichukua sauti kama ile wakaifanya mlio wa simu. Ujumbe ukiingia darasani wanafunzi wanasikia, lakini mwalimu anaendelea kuandika ubaoni. (Ile mashine ya kufukuza watu mimi siisifu. Inamkera hata mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama yake, na mwaka 2010 Bunge la Baraza la Ulaya lilitaka ipigwe marufuku katika sehemu za watu wote.)

Kwa nini mwalimu hasikii?

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ngoma kubwa inaitetemesha hewa polepole, filimbi inaitetemesha haraka. Mtoto mwenye masikio mazima anasikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000 hivi. Ule mlio wa simu una mitetemo kama 17,000. Watu wengi waliopita miaka 25 au 30 hawausikii, na wala hawajui kama wamepoteza kitu. Mbu wa kweli, yule wa malaria, analia kwa mitetemo mia chache tu. Huyo mzee anamsikia, na chandarua bado kinamhusu.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna chembe zenye vinywele vidogo sana, zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Zile za mlangoni hupokea sauti nyembamba, zile za mwisho ndani hupokea sauti nene. Za mlangoni ndizo huharibika kwanza, na chembe hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Hivyo kusikia kunapungua kutoka juu kwenda chini, pole pole, kwa miaka mingi. Sauti ya mitetemo 17,000 ikipotea hakuna hasara, kwani hatuitumii katika mazungumzo. Hasara inaanza upungufu unaposhuka hadi kwenye maneno.

Saa sita na saa tisa

Katika maneno yetu, a, e, i, o na u ni sauti nene na zina nguvu. Lakini s, t, f, k na sh ni nyembamba na dhaifu, na ndizo zinazotofautisha neno na neno. Chukua sita na tisa. Yote mawili yana i halafu a. Tofauti ni s na t tu, zile zile ambazo sikio la mzee limeanza kuzikosa. Mzee akiambiwa kwenye kipaza sauti kwamba zamu yake ya kupokea chakula ni saa sita, huenda akafika saa tisa na kukuta karani anafunga daftari. Paka, taka, kata na kaka nayo yanaweza kumfikia kama neno moja.

Ndiyo sababu tunapopita nyumba kwa nyumba tunasikia wazee wakisema, “Sauti naisikia, ila maneno siyapati.” Hawasemi uongo. Na watu wa nyumbani wanalalamika kwamba mzee anasikia anapotaka tu: akiitwa kula anakuja, akitumwa hajibu. Wengine wanasema akili imeanza kumtoka. Kumbe anaitwa kula na mtu aliye mbele yake, tena ameona sahani. Anatumwa na mtu aliye nyuma ya ukuta, huku mashine ya kusaga inanguruma. Taratibu mzee anaacha kwenda kwenye mkutano, anaacha kuuliza, anaitikia “ndiyo” kwa kila jambo. Hapo kuna hatari, hasa ikiwa hiyo “ndiyo” ni jibu kwa mtoa dawa aliyemweleza vidonge vingapi na mara ngapi.

Kupiga kelele hakusaidii sana, kwa sababu ukipaza sauti unaongeza nguvu ya a na o, siyo ya s na t. Tena mzee anaona unamgombeza. Nenda mbele yake, mwanga uwe usoni pako ili aone midomo, mguse bega kwanza kwa heshima, sema taratibu kwa sauti ya kawaida au iliyozidi kidogo. Akikosa, usirudie neno lile lile mara tano, badilisha maneno. Badala ya “saa tisa” sema “alasiri, saa tisa,” na uonyeshe vidole tisa. Halafu mwombe akuambie alichosikia. Usiulize “umesikia?” maana atajibu ndiyo. Tena tuna desturi ya kumtuma mjukuu mdogo apeleke habari kwa babu. Sauti ya mtoto ni nyembamba na anasema mbio, kwa hiyo habari ya dawa au ya tarehe apeleke mtu mzima.

Vijana nao

Kijana anayecheka kwamba baba hasikii mlio wa simu aangalie anachokifanya na masikio yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100, ni dakika 20. Hatuna kipimo, lakini alama iko: ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele hiyo imezidi. Pima hivyo kwenye kibanda cha video, kwenye mashine ya kusaga, na hata kanisani karibu na masanduku ya spika. Masikio yakivuma baada ya hapo, chembe zimeumia. Na wako kati yetu waliosikia bomu au risasi karibu. Mlipuko mmoja unaweza kuharibu sikio mara moja, hata la mtoto.

Kuhusu kujipima kwa simu: simu nyingi za bei ndogo spika yake haitoi vizuri sauti nyembamba kiasi hicho. Usiposikia kitu huenda kasoro ni ya simu.

Wakati wa kuja kituoni

Kupungua kwa uzee ni kwa polepole na kwa masikio yote mawili. Njoo kituo cha afya ikiwa ni sikio moja, au kuna usaha, maumivu au kizunguzungu. Ikiwa usikivu umekatika ghafla, njoo siku hiyo hiyo, usingoje wiki iishe. Mara nyingine ni nta tu imeziba, nayo hutolewa na muuguzi. Usitie kijiti cha kiberiti, mafuta ya moto wala maziwa.

Mweleze mhudumu dawa zote ulizotumia, kwa kuwa sindano za gentamicin na streptomycin, na kwinini nyingi, zinaweza kudhuru masikio. Lakini usiache dawa kwa uamuzi wako. Na ukimleta mzee, ingia naye ndani, umwachie mwenyewe aeleze, wewe ukumbuke idadi ya vidonge.