Kilichomo Ndani ya Mtungi wa Gesi
Elimu kwa watumiaji wa gesi ya kupikia majumbani

Shika mtungi wa kilo 6 uliotoka kujazwa, uutikise kidogo. Utasikia kitu kikiyumba ndani. Ni majimaji yasiyo na rangi, mchanganyiko wa propani na butani, na ndiyo sehemu kubwa ya ulichonunua. Gesi inayowaka kwenye jiko hupatikana palepale nyumbani kwako, kila unapofungua mtungi na majimaji hayo yakaanza kuchemka.

Tanzania imelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mitungi itaingia katika nyumba nyingi zilizozoea kuni na mkaa. Maonyo ya usalama yapo, yamebandikwa hadi kwenye mitungi yenyewe, lakini mtu aliyeambiwa "usifanye" bila kuambiwa kwa nini hufanya siku akiwa na haraka. Kwa hiyo tunaanza na kwa nini.

Chembe zilizobanana

Kimiminika chochote, yawe maji, petroli au propani, kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Zichukulie kama abiria wa daladala la saa 12 jioni: wamegusana mabega, wanasogea na kupishana, ila hakuna aliye huru kwenda atakako. Chembe nazo huvutana, na mvutano huo ndio unaozishika pamoja. Hata hivyo hazina mwendo mmoja. Nyingine zinajikokota, nyingine zina kasi kubwa. Ile yenye kasi ikijikuta juu kabisa, penye uso wa kimiminika, inaweza kuwashinda wenzake wanaoivuta na kuchomoka. Ikishatoka, ni gesi.

Hapa wengi hukosea, hata waliosoma. Chembe yenyewe haivimbi wala haibadiliki inapokuwa gesi. Molekuli ya propani ni ileile, na ukubwa wake ni uleule. Kinachobadilika ni nafasi. Lita moja ya majimaji ya mtungini ikigeuka yote kuwa gesi huchukua nafasi ya lita 250 hivi, maana yake umbali kati ya chembe na chembe umeongezeka takriban mara sita kila upande. Ndiyo sababu kilo 6 zinatosha kwenye mtungi wa kubebwa kwa mkono mmoja. Zingejazwa zikiwa gesi tupu, bila kugandamizwa, zingehitaji pipa kubwa kuliko kabati la nguo.

Kwa nini hayachemki yote mara moja?

Maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi joto 100. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri. Kwa joto la jikoni, vyote viwili vingepaswa kuwa vimeshachemka na kwisha. Kinachozuia ni mtungi kufungwa. Chembe zilizotoka kwenye majimaji hujaa katika nafasi iliyo juu yake, zikigonga kuta na kugongana, na baadhi hurudi kwenye majimaji. Zinazotoka zikiwa sawa na zinazorudi, kiasi cha majimaji hakipungui tena. Mgongano huo wa chembe na kuta ndio msukumo, au kanieneo, wa gesi.

Msukumo wa nje una nguvu ya kuamua lini kitu kichemke. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Mpishi aliyehamia huko kutoka Tanga atadhani maharage ya Mbeya ni magumu. Mtungini mambo ni kinyume: msukumo ni mkubwa, basi majimaji yanatulia hata kwenye joto.

Ukifungua jiko, baadhi ya gesi inatoka, msukumo unashuka, na chembe nyingine zinachomoka kutoka kwenye majimaji kuziba pengo. Ukifunga, utulivu unarudi.

Tumbo la mtungi kuwa baridi

Pika kwa moto mkubwa kwa muda mrefu, kisha gusa mtungi upande wa chini. Ni wa baridi. Penye unyevu mwingi kama pwani, matone ya maji hujitokeza nje yake, na mara nyingi yanaishia kwenye mstari ulionyooka: chini ya mstari kuna majimaji, juu yake kuna gesi. Hakuna kinachovuja. Chembe zinazotoka ni zile zenye kasi, zinazobaki ni za kasi ndogo, na kasi ndogo ndiyo baridi. Majimaji yanalazimika kunyonya joto kutoka kwenye chuma, na chuma kutoka kwenye hewa inayokizunguka.

Baridi hiyo ndiyo inayofanya moto ulegee, hasa asubuhi za Juni na Julai huko Njombe na Makete. Mtungi unapokaribia kwisha hali huzidi, kwa kuwa propani huwahi kutoka na butani iliyo nzito hubaki nyuma. Hapo ndipo watu hubuni mambo ya hatari. Wengine huweka mtungi kwenye beseni la maji ya moto, wengine hudiriki kuusogeza karibu na makaa. Joto huongeza kasi ya chembe zote, na msukumo hupanda upesi. Isitoshe, majimaji haya hutanuka kwa joto mara nyingi zaidi ya maji, ndiyo maana mtungi hujazwa hadi asilimia 80 hivi na nafasi inayobaki huachwa makusudi. Nafasi hiyo ikimezwa na majimaji yaliyotanuka, kinachofuata ni chuma kupasuka. Mtungi usiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Wapo pia wanaoulaza au kuupindua mtungi ili "wamalizie". Ukiusimamisha, kinachofika mdomoni ni gesi. Ukiulaza, majimaji yenyewe yanaingia kwenye regulata na mpira, na kila tone linapofika kwenye moto linageuka kuwa gesi mara 250 ya ukubwa wake. Moto unaruka ghafla kuelekea uso wa mpishi. Kwa mitungi midogo ambayo jiko hufungwa juu yake bila mpira, hatari hii ipo karibu zaidi.

Gesi ikivuja inakwenda wapi?

Moshi hupanda, na wengi hudhani gesi ya kupikia nayo hupanda. Haipandi. Molekuli ya propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, ya butani mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni, huingia chini ya kitanda na kwenye mashimo ya maji machafu, na kukaa humo. Kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi. Fungua mlango, ili iliyo chini ipate pa kutokea.

Haionekani na kwa asili haina harufu. Ile harufu ya uozo ni kemikali iitwayo ethanethioli, inayotiwa kwa kiasi kidogo sana ili pua ikushtue. Gesi ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya chumba inaweza kuwaka. Ukisikia harufu, funga mtungi kama unafikika, fungua milango, toa watu nje. Usiwashe swichi ya umeme wala usiizime, maana cheche hutokea pande zote mbili. Kuvuja kutafutwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gari lenye gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia lililokuwa likiendeshwa bila kibali, katikati ya makazi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uchochoroni anacheza na majimaji yaleyale, bila mizani ya kumwambia lini asilimia 80 imefika.

Majimaji yakimwagikia ngozi, huchemka juu yake na kunyonya joto la mwili hadi nyama kuganda. Usisugue. Tumia maji ya uvuguvugu, kisha nenda zahanati.

Kujua kilichobaki

Kipimo cha msukumo hakikusaidii sana, kwani maadamu majimaji yapo, msukumo hautofautiani sana kati ya mtungi uliojaa na wa nusu. Mizani ndiyo inayosema kweli. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma karibu na mshikio. Toa huo kwenye uzito wa mizani, kinachobaki ni gesi yako. Dai upimiwe dukani kabla ya kulipa. Nyumbani, pitisha kitambaa kibichi ubavuni mwa mtungi: juu hukauka haraka, penye majimaji hukawia.

Mtungi uliokwisha nao haujawa mtupu. Majimaji yameisha, lakini chembe za gesi bado zimejaa humo kwa msukumo ulio sawa na wa hewa ya nje, na hazina cha kuzisukuma zitoke. Jua likiupiga zitapata. Funga vali, rudisha kifuniko, na uupeleke kwa wakala ukiwa umesimama wima.