Simu Mezani, Masikio Kazini: Vidokezo kwa Mwalimu wa Muziki

Shule nyingi za kwetu hazina piano wala chumba cha muziki, lakini mwalimu ana simu mfukoni, na mara nyingine ofisini kuna kompyuta mpakato ya kuazima. Ukiongeza spika ndogo, una vya kutosha. Kabla ya kutumia chochote jiulize swali moja: je, kitamsaidia mwanafunzi kusikia vizuri zaidi? Kama jibu ni hapana, kiache, hata kikiwa na picha za kupendeza namna gani.

1. Anza na kinasa sauti

Usipakue kitu bado. Kinasa sauti kilichokuja na simu ndicho chombo chenye faida kubwa kuliko vyote darasani. Waimbe ubeti mmoja, urekodi, kisha wasikilize papo hapo, na wewe nyamaza kwanza. Mtu anapoimba hujisikia kupitia mifupa ya kichwa chake pia, ndiyo maana wengi hushtuka wakisikia sauti yao kwenye spika. Waulize: "Tulianza kukimbia wapi?" "Neno gani halikusikika?" Utaona mikono ikinyooshwa na watoto ambao hawajawahi kujibu kitu kwenye kipindi chako. Rudieni ubeti uleule, rekodi tena, mlinganishe. Kosa ambalo mtoto amelisikia mwenyewe hulirekebisha upesi kuliko lile aliloambiwa mara kumi.

Mahali pa kuweka simu pana maana kubwa. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili mtu asipige katikati ya wimbo. Chini yake tandika kitambaa, vinginevyo kila kishindo cha dawati kitaingia. Isogeze mita mbili au tatu mbele ya waimbaji, iinuke kidogo kupita vichwa vyao, na mpiga ngoma akae nyuma kabisa. Mvua ikianza kupiga mabati, ahirisha.

Jambo moja walimu wengi hawaambiwi: vinasa sauti vya simu nyingi hupandisha vyenyewe sauti ndogo na kushusha kubwa. Darasa likianza kwa kunong'ona na kumaliza kwa kishindo, rekodi inaweza kutoa kila kitu kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo tumia simu kuhukumu matamshi, mwendo na ulinganifu wa sauti. Nguvu ya sauti ihukumu kwa masikio yako, ukiwa umesimama nyuma ya darasa.

2. Kila sauti na faili yake

Mwalimu anayeandaa kwaya kwa ajili ya Kenya Music Festival, mashindano yaliyoanza mwaka 1927, anajua jasho la kufundisha sauti nne kwa muda mfupi: ukiwa na besi, soprano wanapiga soga, ukirudi kwa soprano, besi wameshasahau. Watengenezee rekodi nne. Kwenye kila moja sauti husika isikike kubwa na nyingine tatu zisikike kwa mbali, maana mwanafunzi anayejifunza sehemu yake peke yake huyumba siku ya kwanza ya kuunganisha.

Programu ya MuseScore ni ya bure na inafanya kazi hii vizuri. Unaandika nota, unapunguza sauti usizozitaka, unatoa faili ya MP3 na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kama umezoea solfa na hukai vizuri na mistari mitano, usijisumbue: ziimbe sehemu zote mwenyewe kwenye simu, pamoja na maneno. Kusema kweli naipenda zaidi njia hii. Kompyuta haipumui, na mtoto anahitaji kusikia mwalimu anapumua wapi.

3. Metronomu kwa dakika tano tu

Metronomu ya simu ni nzuri kwa kupima: rekodi darasa, kisha tafuta mmeanza na mapigo mangapi kwa dakika na mmemaliza na mangapi. Lakini usiiache ikigonga kipindi kizima. Kwenye ngoma zetu mapigo ya tatu na ya mbili hutembea pamoja, na mtoto aliyezoea kufuata pigo moja la simu hupotea pale ngoma ya pili inapoingia.

4. Punguza mwendo bila kushusha sauti

Zamani ukipunguza kasi ya kanda, sauti nayo ilizama. Audacity, programu nyingine ya bure, hubadili mwendo na kuacha kimo cha sauti palepale. Chukua kipande cha fidla ya taarab, sekunde kumi tu, kipunguze hadi nusu, kisha ukizungushe. Yale madoido yaliyokuwa yanapita kama upepo yanakuwa nota zinazohesabika, na mwanafunzi anaweza kuzifuata moja baada ya nyingine. Kwenye YouTube pia kuna sehemu ya kupunguza kasi, ila inakula bando kila mnaporudia.

5. Programu ya kutuni haijui kila kitu

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hapa ndipo teknolojia inapoweza kuharibu.

Programu za kutuni zimepangwa kwa mizani ya Ulaya ya sasa: nota A ina mitetemo 440 kwa sekunde, oktava imegawanywa nafasi 12 zilizo sawa, kila nafasi senti 100, jumla senti 1200. Kwa gitaa na kibodi ni msaada mkubwa. Darasa zima linaweza kutuni bila kumsubiri mwalimu. Sasa peleka simu hiyohiyo kwenye amadinda, marimba ya Buganda. Oktava yake ina hatua tano zinazokaribiana ukubwa, kila moja kama senti 240, na nyingi zinaangukia katikati ya nota za kibodi. Simu itawaka nyekundu. Ipeleke kwenye ilimba ya Wagogo, ambayo sauti zake zimejengwa juu ya mfuatano wa asili wa mitetemo, nayo itakataa. Iimbie rast, maqamu (mizani) ya muziki wa Kiarabu yenye ile sauti ya tatu isiyo kubwa wala ndogo, itakwambia umekosea.

Hakuna aliyekosea. Mwalimu anayemwambia mtoto kwamba marimba ya babu yake "haijatuniwa" kwa sababu ya taa ya simu amemfundisha jambo baya, na litamkaa kichwani kwa miaka. Igeuze kazi: programu iwe rula. Piga ubao mmoja, soma senti, andika ubaoni; piga wa pili, andika. Mkimaliza mna ramani ya ala hiyo kwa namba, na darasa linaweza kuilinganisha na kibodi na kusikia tofauti. Hilo ni somo la muziki, hesabu na fizikia kwa kipindi kimoja.

6. Waya bado una kazi

Spika ya bluetooth huchelewesha sauti. Kwa kusikiliza rekodi haidhuru. Lakini ukipiga kibodi ya simu ili darasa likufuate, ucheleweshaji wa sehemu mbili za kumi za sekunde, kwenye mwendo wa mapigo 120, ni karibu nusu ya pigo zima. Utadhani vidole vyako ndivyo vimeharibika. Nunua waya.

7. Kuimba pamoja mkiwa mbalimbali

Kwa sababu hiyohiyo ya kuchelewa, kwaya haiwezi kuimba kwa pamoja kwenye simu ya video. Inayowezekana ni njia aliyoitumia mtunzi Eric Whitacre wa Marekani mwaka 2010, alipounganisha waimbaji 185 kutoka nchi 12 kwenye wimbo mmoja: kila mmoja alijirekodi peke yake, kisha rekodi zikawekwa pamoja. Wanafunzi wakiwa likizo mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chenu. Tuma rekodi ya kiongozi. Mwanafunzi aisikilize kwa spika za masikioni kwenye simu moja na kujirekodi kwa nyingine. Wote wapige kofi moja mahali palepale mwanzoni, ili kwenye Audacity upange makofi yalingane. Spika za masikioni ni lazima. Bila hizo rekodi ya kiongozi huingia ndani ya kila sauti na huwezi tena kuitoa.

Ukifundisha ala kwa Zoom, washa mpangilio wa sauti halisi. Usipofanya hivyo, programu hudhani nota ndefu ya filimbi ni kelele na kuifuta.

8. Usifungie nota zako ndani ya programu moja

Mwezi Agosti 2024 kampuni inayotengeneza Finale, programu ya kuandika nota, ilitangaza kuisitisha baada ya miaka 35. Kila wimbo unaouandika uhifadhi pia kwa MusicXML, ambayo programu nyingine husoma, na kwa PDF.

9. Rekodi nyumbani kwenu

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis nchini Kenya, na kazi zake zikaja kuhifadhiwa kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Alibeba mitambo mizito kwenye gari. Wanafunzi wako wana mitambo hiyo mifukoni. Wape kazi ya nyumbani: wimbo mmoja kutoka kwa bibi, babu au fundi wa ngoma wa mtaa, uliorekodiwa kwa ruhusa yake. Hapa usitume kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwani hubana sauti. Rekodi kwa WAV kama simu inaruhusu. Dakika moja ya WAV ya stereo hula kama megabaiti 10, kwa hiyo hamishieni kwenye kompyuta mapema.

Fundisha adabu ya kazi hii pamoja na ufundi wake. Mzee aambiwe rekodi itatumika wapi, na nyimbo za jando, unyago au matambiko zisirekodiwe kama wenyewe hawataki. Akitaka nakala apewe, kwenye kadi ya simu yake au ya mjukuu wake. Na jina la faili lisiwe "sauti 004": andikeni mwimbaji, kijiji, lugha, wimbo huimbwa lini, na tarehe mliyorekodi.