Dondoo muhimu: Binti yako na mchujo wa netiboli

Safari ya kuivaa jezi ya mkoa wa Simiyu kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huanzia shuleni, hupita wilayani, iwe Bariadi, Busega, Itilima, Maswa au Meatu, ndipo ifike kambi ya mkoa. Kila hatua ina mchujo wake.

Binti asijifunge na nafasi moja. Kama ni mfungaji wa GA (goal attack), ajizoeze na C (centre), maana kwenye safari ndefu kocha humthamini anayeweza kuziba pengo la mwenzake aliyeumia. Mazoezi makubwa yawe ya kudaka, kutua na kutoa pasi ndani ya sekunde 3. Akishauinua mguu aliotua nao, mpira uwe umetoka mkononi kabla mguu huo haujagusa tena chini. Filimbi nyingi hulia hapo. Aite mpira kwa sauti, na akipokonywa, arudi kukaba papo hapo. Makocha huliona hilo haraka kuliko mabao.

Viatu visiwe vipya siku ya mchujo.

Mzazi nawe una kazi yako. Mwaka 2021 fainali za taifa zilifanyika Mtwara, pembe nyingine kabisa ya nchi, kwa hiyo safari inaweza kuwa ndefu. Ulizia mapema: ni mwalimu gani wa kike anayesafiri na wachezaji? Watalala wapi? Akiugua njiani, nani atampeleka hospitali? Mfungashie taulo za kike za kutosha, na kadi ya bima kama anayo. Usitie saini ya ruhusa kabla hujajibiwa yote hayo.